Mzee akiwa hajajitunza, unaandikaje?

Ndugu zangu mnaokuja England kufanya kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa, Kiingereza cha shule kitawatosha dukani na kwenye basi. Kitakachowasumbua ni kile cha daftari la zamu, hasa siku mnapomkuta mzee hayuko nadhifu.

"Dirty" liacheni kabisa. Linamshutumu mtu, na wanawe wakija kumtembelea hulisoma daftari. Kwenye ripoti za manesi mtakutana sana na "unkempt": mtu ambaye hajajitunza, nywele timutimu, ndevu zimeachwa. Asili yake ni kuchana nywele, yaani asiyechanwa. "Dishevelled" nalo limetoka kwenye nywele, kupitia Kifaransa cha kale, ila hili ni la vurugu ya muda tu, kama mtu aliyekurupuka usingizini. "Scruffy" chimbuko lake ni mba wa kichwani. Humfaa mtoto aliyerudi shule shati nje, si mzee kwenye ripoti. "Shabby" ni la kitu kilichochakaa. Mzee anaweza kuvaa koti shabby na mwenyewe akawa msafi wa kutakata. Msichanganye umaskini na uchafu, nawaomba sana.

Lakini hata unkempt peke yake haisemi kitu. Kuna mzee niliyekuwa namhudumia, askari mstaafu, mtu wa kunyoa ndevu kila siku ya Mungu. Asubuhi moja nikamkuta shavu la kulia limenyolewa vizuri, la kushoto lina povu na ndevu zake zote. Mkono wa kushoto wa sweta ulikuwa unaning'inia mtupu, naye anaona amevaa sawasawa. Nikapiga 999, namba ya dharura ya huku, kwanza, daftari baadaye. Kilikuwa kiharusi. Watu wa ambulensi walichotaka kwangu ni hivyo hivyo vitu: upande gani, na kwa kawaida yukoje.

Kwa hiyo andikeni mlichokiona: kucha ndefu, shati lile lile la juzi, harufu ya mkojo, mafuta ya chakula kwenye kola. Hali ikijirudia, mwambieni msimamizi siku hiyo hiyo. Miongozo ya Care Act 2014, sheria ya England ya huduma kwa watu wazima, inaitaja "self-neglect", yaani mtu kuacha kujitunza mwenyewe, kuwa miongoni mwa mambo ambayo halmashauri hupaswa kuyaangalia katika kuwalinda watu wazima, na maandishi yenu ndiyo wanayoanza nayo.