Presha ya usiku kwa mwenye kisukari

Tuchukue watu wawili wenye kisukari. Wa kwanza ana wastani wa presha, ile namba ya juu, wa 140 mchana na 122 usiku: ameshuka karibu asilimia 13. Wa pili ana 138 mchana na 132 usiku: ameshuka asilimia 4 tu. Kliniki ya saa nne asubuhi itawaona wako sawa, pengine itamsifu wa pili kidogo. Lakini wa pili ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa sababu moyo, figo na ubongo wake havipumziki usiku.

Usingizini presha hutakiwa kushuka asilimia 10 hadi 20, kisha ipande tena kuelekea asubuhi. Kisukari huuvuruga mpango huo kwa njia kadhaa. Sukari ya miaka mingi huharibu neva zinazoendesha moyo na mishipa ya damu zenyewe bila sisi kuziamrisha. Figo zilizochoka hushindwa kutoa chumvi yote mchana, zikaendelea na kazi usiku, na kazi hiyo huhitaji presha ya kuisukuma. Anayekoroma na kukatika pumzi hupandishwa presha kila anapogutuka. Sukari ikiwa juu, mkojo unamwamsha mara tatu nne; ikishuka mno kwa insulini ya jioni, adrenalini (homoni ya mshtuko) inapanda na presha nayo.

Neva hizohizo zina hila nyingine: presha juu ukilala, chini ukisimama. Kupima ni rahisi. Lala chali dakika 5, pima. Simama, pima baada ya dakika 1 na tena dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, mwambie daktari kabla hajakuongezea dawa. Asipojua, dozi inayopangwa kwa kipimo cha ukiwa umekaa tu inaweza kukuangusha saa nane za usiku ukielekea chooni.

Kipimo cha nyumbani hakioni usingizi, ila hunasa asubuhi na jioni. Pima siku 7, asubuhi kabla ya dawa na chai, na jioni kabla ya kulala, mara mbili kila wakati kwa kupisha dakika 1. Tupa namba za siku ya kwanza, piga wastani wa zilizobaki. 135/85 kwenda juu ni presha ya juu. Kojoa kwanza, kaa kimya dakika 5 umeegemea, miguu sakafuni bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda bure. Mkanda wa mashine unaofungwa mkononi nao: pima mzunguko wa mkono wa juu kwa futi ya fundi cherehani. Mikanda mingi ya kawaida ni ya sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene kwenye mkanda mdogo hutoa presha isiyokuwepo. Na usiandike zile namba nzuri tu!

Usiku wenyewe unahitaji mashine ya kuvaa saa 24, inayopima yenyewe kila dakika 15 hadi 30 mchana na kila dakika 30 hadi 60 usiku. Mkanda wake ukianza kujaa upepo, nyoosha mkono na utulie. Andika saa ya kulala na ya kuamka, maana bila hizo mgawanyo wa usiku na mchana ni wa kubahatisha. Wastani wa usiku ukifika 120/70 ni wa juu, hata kama mchana ni mzuri.

Wengi hapo huuliza kama wahamishie vidonge vya presha jioni. Utafiti wa TIME wa Uingereza, uliotolewa 2022 na kuhusisha zaidi ya watu 21,000, haukuona tofauti ya mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo vya moyo na mishipa kati ya wanaomeza asubuhi na jioni. Chagua saa usiyoisahau. Kwa presha isiyoshuka usiku, mimi ningeanzia kwenye chumvi, kukoroma, sukari ya usiku na kipimo cha albumini (protini) kwenye mkojo; kuhamisha saa ya dawa ni mazungumzo na daktari, hasa kwa anayeshuka presha akisimama.