Voi kwa kipimo cha 1:87: vipande viwili vimesimama

Vipande viwili vya kwanza vya mfano wangu wa stesheni ya Voi, Kenya, uliopunguzwa mara 87, vimefungwa bolti, vinasimama kwa miguu yake, na treni imepita kwenye ungio bila kusita. Nimefurahi mno.

Klabu yetu hapa Ujerumani hujenga reli ndogo kwa vipande. Kila mmoja hutengeneza vyake nyumbani, na siku ya maonyesho tunaviunga ukumbini kuwa njia moja ndefu. Masharti yako kwenye ncha tu: umbo la ubao wa mwisho, matundu ya bolti, reli iwe mita 1.30 kutoka sakafuni, plagi za aina moja. Kati ya ncha na ncha, kila mtu na nchi yake.

Wenzangu wengi wamejenga Rhätische Bahn ya Uswisi. Reli ile ni ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja, sawasawa na yetu iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Kwa 1:87 zote mbili hutumia njia ya milimita 12. Basi Voi inaungwa na milima ya Alpi bila kugusa taruma hata moja, na hilo ndilo lililonivuta kwenye kundi hili.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye ungio, kwa kuwa ncha za reli ndizo huumia safarini. Nimegandisha kibao chembamba chenye shaba mwishoni mwa kila kipande na kulehemu reli juu yake, kisha nikakwangua shaba katikati, maana umeme na amri za kidijitali hupita kwenye reli hizohizo na zikigusana ni shoti. Vipande nilivifunga bolti kwanza, nikalaza reli nzima juu ya ungio, ndipo nikaikata kwa msumeno mwembamba. Ukikata hivyo, ncha mbili haziwezi kupishana.

Treni ya mizigo ya mita 500 ingetaka karibu mita 6 za njia ya kupishana. Vipande vyangu vinne vikikamilika vitafika mita 4.8, kwa hiyo nafupisha treni. Kona sibani, kwa heshima ya Garratt za daraja la 59: injini 34 za mvuke za kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Boila imebebwa katikati ya fremu mbili za magurudumu, na kwenye kona kali ingetokeza nje ya njia vibaya. Anayetaka kuziona za kweli, Mount Gelai na Mount Shengena zimehifadhiwa makumbusho ya reli Nairobi.

Udongo mwekundu nimeupata kwa kusaga kigae na kukichekecha kwa chujio la chai. Rangi za dukani zote zilikuwa za machungwa mno. Mbuyu wa kwanza una sentimita 17, yaani kama mita 15 za kweli.

Sasa naingia kwenye swichi, yaani mahali njia inapogawanyika, ya kuelekea Taveta, ile njia iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikaungana na reli ya Moshi. Mwenye picha za zamani za yadi ya Voi, hasa upande wa swichi hiyo, naomba aniandikie kabla sijakata plaiwudi ya kipande cha tatu.