Kondoo wa Rangi ya Udongo

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Somo la wiki hii ni Kutoka 35:30–35. Tafadhali lisomeni kwanza. Najua wapo wanaoruka somo na kuja moja kwa moja kwenye maneno yangu, na maneno yangu bila somo ni chai bila majani.

Sura za mwisho za Kutoka tumezoea kuzipita mbio. Mapazia ya hema ya kukutania, vitanzi, mbao za mshita, dhiraa hapa na dhiraa pale. Ukizisoma usiku unasinzia kabla hujafika kwenye kinara. Lakini katikati ya vipimo hivyo anaitwa mtu kwa jina lake, Bezaleli mwana wa Uri, na Mungu anasema juu yake: "nami nimemjaza roho ya Mungu" (31:3). Hakuitwa kuhubiri wala kuongoza jeshi. Aliitwa kuchonga mti, kukata vito, kufanya kazi ya dhahabu na shaba. Jina lake, wanasema wajuao Kiebrania, maana yake ni "katika kivuli cha Mungu".

Halafu sura ya 35 inaongeza jambo ambalo mimi nilikuwa sijaliona miaka yote hii: "Naye ametia moyoni mwake ili apate kufundisha." Kumbe kujua kazi ni kipawa kimoja, na kuifundisha ni kingine. Kiswahili chetu kinayaweka pamoja: fundi, kufunda, kufundisha, mwanafunzi, yote shina moja. Ila si kila fundi hufundisha. Nendeni Kamukunji kwa wagonga bati, pale nyundo husikika kabla hujamwona mtu. Kijana mgeni hapewi daftari. Anashikilia bati, siku ya kwanza, ya pili, ya ishirini, mpaka siku fundi anapomsogezea nyundo na kumwambia, "Piga wewe." Wapo mafundi hodari ambao maneno hayo mawili hayawatoki mdomoni mpaka wanazeeka.

Nami naogopa nimo katika hao.

Mnajua nafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Kila wiki huwa napitia dukani kutoa fotokopi za picha ya kupaka rangi. Mwaka ule wa kiangazi kikali tulikuwa na Yohana 10, Mchungaji Mwema: mzungu mwenye nywele ndefu, mwanakondoo mabegani, wengine miguuni, manyoya yamevimba kama pamba. Kulikuwa na mvulana mmoja, wa miaka saba hivi, mtoto wa maswali. Alichukua krayoni ya kahawia, ile iliyovunjika ikabaki kipande kama punje ya maharagwe, akawapaka kondoo wote kahawia. Kwa nguvu, ulimi nje, mpaka karatasi ikang'aa. Nikamwambia kondoo ni weupe. Akanitazama. "Mwalimu, hawa ni wale wa barabarani."

Sikumwelewa. Nilimpa karatasi nyingine safi, akapaka kama wenzake, yaani hakupaka chochote, maana kondoo mweupe kwenye karatasi nyeupe hana kazi. Ni jioni nikiwa kwenye matatu, tumekwama Lang'ata, nilipowaona. Wamasai walikuwa wameleta mifugo mjini kutafuta nyasi za kando ya barabara, na kondoo wao, wale wa asili wasio na sufi, wenye mikia minene ya mafuta, walikuwa wekundu-wekundu, rangi ya udongo. Mtoto alikuwa amechora alichokiona. Mimi nilikuwa nikifundisha nilichokitoa fotokopi kwa shilingi tano.

Hapo ndipo yalinirudia maneno ya Mwalimu Elimo Njau. Wengine mnamjua: msanii aliyezaliwa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere, na mwaka 1965 akaanzisha na wenzake Paa ya Paa hapa Nairobi, jumba la sanaa ambalo baadaye lilihamia Ridgeways, kando ya Barabara ya Kiambu. Msemo wake unaojulikana kuliko picha zake ni huu: usiige, kuiga kunamlaza Mungu usingizi.

Nilipousema msemo huo kwenye ushirika, mzee mmoja wetu alinikatiza, na haki alikuwa nayo. Zaburi ya 121, mwalimu: "hatasinzia wala hatalala usingizi." Kweli, mzee. Mungu halali. Lakini ile Jumapili mimi sikumhitaji hata kidogo. Picha ilikuwa tayari, jibu lilikuwa tayari, rangi nilikuwa nazijua. Angekuja au asingekuja, kipindi kingeisha saa tano kamili. Nadhani usingizi anaousema msanii uko upande wetu.

Angalieni alichofanya yeye. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa ukutani katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Yesu ni mweusi, waliomzunguka ni weusi, na nchi ni nchi ya pale pale, ya miti na migongo ya vilima. Sasa ukumbuke wakati wenyewe. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaondolewa. Waliokaa kwenye madawati chini ya picha zile walikuwa wamezika watu wao. Ni tofauti kubwa kutazama Gethsemane ya kalenda na kutazama Gethsemane yenye miti unayoijua, ambayo labda wewe mwenyewe uliwahi kujificha chini yake usiku.

Kuna swali ambalo lazima nilijibu kabla halijaulizwa: je, Paulo hakusema tumwige? Katika Biblia ya Union, 1 Wakorintho 11:1 inasema, "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo." Najua zipo tafsiri zinazosema mniige, nami sitagombana nazo. Lakini nalipenda hilo neno kufuata. Anayekufuata anatembea kwa miguu yake. Akipita njia ile ile, anakanyaga na mawe ambayo wewe hukuyakanyaga. Hata kijana wa Kamukunji huanza kwa kutazama mkono wa fundi, hilo silikatai. Shida ni fundi asiyeachia nyundo.

Na hilo jina, Paa ya Paa! Litamkeni muone raha yake: paa mnyama, paa la nyumba, na kupaa kwenyewe. Upande ule ule wa mji ndiko uliko msitu wa Karura, na mwezi jana nilimwona paa huko, hatua kumi kutoka njiani. Kimo chake hakifiki goti. Alisimama chini ya kivuli, mwili umeganda, mkia tu ndio ukicheza kushoto kulia, kushoto kulia, na pua mbichi inang'aa. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta simu nimpige picha. Nilipoinua macho, yalibaki majani yanatikisika. Ningetulia tu ningemwona.

Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi za sanaa zilizokuwa Paa ya Paa. Nalitaja kwa sababu hata mapazia ya Bezaleli hatunayo leo, wala vitanzi vyake. Tunalo jina lake, la Oholiabu aliyefundisha pamoja naye, na habari kwamba wengine walijifunza kwao wakajenga.

Basi Jumapili iliyopita sikwenda dukani. Nilibeba karatasi tupu arobaini na krayoni zote, hata vipande. Niliwasomea Yohana 10 mara mbili, kisha nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kufunga. Kelele zilikuwa nyingi, na karatasi sita ziligeuzwa ndege. Yule mvulana, ambaye siku hizi amekuwa mrefu, alikaa pembeni. Nilimwendea nikamwambia kondoo wake wa siku ile walikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho, kama mtu aliyekuwa akilijua hilo zamani.

Mchungaji wake alikuwa amevaa shuka nyekundu. Kondoo kahawia, bila shaka. Lakini mkono mmoja ulikuwa sikioni, umeshika kitu cheusi, nikauliza ni nini.

"Simu."

"Anaongea na nani?"

"Anauliza mvua imenyesha wapi."