Siku yangu na hamira, kuanzia jikoni mpaka kwa laptopu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mamangu ashawasha jiko, donge la mahamri limeumuka usiku kucha, yeye anasukuma mi nakata. Kilichoumua hilo donge ndo hicho hicho nnachokisoma mimi, Saccharomyces cerevisiae, hamira ya dukani. Ina jeni kama 6,000, na mwaka wa 1996 jenomu yake, yani DNA yake yote, ilisomwa mwanzo mwisho kabla ya kiumbe chengine chochote chenye seli zenye kiini.

Saa moja na nusu niko feri ya Likoni, tumebanana, nawaza seli mama. Hamira huzaa kwa kuchipuza, mama anatoa binti mmoja, halafu mwengine, lakini idadi ina mwisho, kwa kawaida 20 mpaka 30 hivi ndo anakufa. Watafiti Mortimer na Johnston walishaonyesha jambo hili mwaka wa 1959, na mpaka leo kuhesabu mabinti ndo kipimo cha umri wake.

Saa tatu kazi inaanza. Modeli yangu ya kompyuta, ya jinsi hamira inavyozeeka, ina ikweshoni mbili tu, moja ya Sir2, protini inayolinda ile sehemu ya DNA ya kutengeneza ribosomu (viwanda vya protini vya seli), moja ya HAP, kundi la protini linaloshughulikia heme (molekuli yenye chuma) na mitokondria (vinu vya nguvu vya seli). Hizi mbili zinakandamizana, Sir2 ikipanda HAP inashuka, ni mizani kabisa, na hapo ndo panaponinyima usingizi, kwa sababu seli zenye jeni sawasawa, zinakula chakula kimoja, zengine zinazeeka kwa kuharibika upande wa DNA na zengine kwa kuharibika mitokondria.

Nikarani seli 1,000 ndani ya kompyuta, zote zikaenda upande mmoja! Nikakagua programu laini kwa laini mpaka adhana ya adhuhuri, kumbe sikutia ile misukosuko midogo ya ndani ya seli, protini kuzidi kidogo hapa, kupungua kidogo pale.

Nikala wali na samaki haraka haraka nikarudi.

Saa nane nimeitia, na grafu ikagawanyika mafungu mawili. Wallahi nilisimama. Jeni hazikubadilika hata moja, ni kale kabahati kadogo ka mwanzo kakisukumwa na huko kukandamizana kwa Sir2 na HAP mpaka kakawa hatima ya seli nzima.

Saa kumi stima zikapotea, nikasoma kwa simu tena ile kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ya mwaka wa 2023, waliounganisha upya hiyo mizani ili Sir2 na HAP zipokezane badala ya moja kushinda, na maisha ya seli yakarefuka kwa asilimia 82.

Jioni nampitia nyanya. Yeye na nduguye ni pacha wa kufanana, nyanya bado anaenda Kongowea kwa miguu yake, nduguye hajatoka kitandani tangu mwaka jana. Binadamu si hamira, najua, lakini nilipomkuta nyanya anamkanda nduguye miguu kwa mafuta ya nazi nikamuelezea ile mizani yote. Akanisikiliza, akauliza, "Sasa mwanangu, ikishalala upande mmoja, hairudi tena?"

Nikamwambia nyanya, kwenye hamira wameifanya irudi.

Saa nne usiku nimefungua laptopu tena, nimeanza kuandika ikweshoni za kupokezana.