Rangi Moja Haitoshi Kupima Uhai wa Seli za Mmea

Anayekuza seli za mgomba katika kimiminiko cha lishe hawezi kuyategemea macho pekee kujua kama chupa yake bado ina uhai. Seli iliyokufa jana huendelea kuelea pamoja na nyingine, umbo lake likiwa karibu lilelile, kwa kuwa ukuta wa seli ya mmea hausambaratiki papo hapo. Ndiyo sababu tunatumia rangi, na ndiyo sababu pia nasisitiza kwamba kila rangi hujibu swali lake tu.

Mimi huanza na fluoresini diaseteti, ambayo mtafiti Widholm aliieleza mwaka 1972 kwa ajili ya seli za mimea zinazokuzwa maabarani. Kemikali hii yenyewe haing'ai. Hupenya utando wa seli kwa urahisi, na ikishafika ndani vimeng'enya huikata na kuacha fluoresini, ambayo hung'aa na haitoki kwa urahisi iwapo utando ni mzima. Huyeyushwa kwanza katika asetoni na kuhifadhiwa kwenye baridi na giza, kisha huchanganywa na kimiminiko cha lishe siku ileile ya kazi hadi kufikia takriban asilimia 0.01. Baada ya dakika chache, chini ya mwanga wa buluu wa hadubini, seli hai huwaka kijani kibichi, na mara nyingi unaona nyuzi za saitoplazimu, yaani ute ulio ndani ya seli, zikizunguka kiini na kukatiza katikati ya seli. Ukiona nyuzi hizo, huna haja ya kubishana na mtu.

Tatizo ni kwamba seli iliyojeruhiwa punde tu huweza kubaki na vimeng'enya vinavyofanya kazi. Hapo mimi huongeza rangi iitwayo bluu ya Evans kwenye sampuli nyingine ya chupa hiyohiyo. Watafiti Gaff na Okong'o-Ogola walionyesha mwaka 1971 jinsi rangi zisizopenya utando mzima zinavyoweza kutumika kutambua seli zilizosalimika: seli hai huikataa rangi, iliyokufa hujaa buluu ndani. Lazima rangi ya ziada isuuzwe vizuri, la sivyo kuta zenye buluu zitahesabiwa kuwa maiti.

Kwa mabonge mazito ya seli, ambayo hadubini haiwezi kuyapenya, kuna tetrazoliamu, kemikali ambayo seli zinazopumua huigeuza kuwa rangi nyekundu iitwayo formazani. Wekundu huo hutolewa kwa alkoholi na kupimwa kwa mashine. Hata hivyo, chupa yenye seli zinazogawanyika kwa kasi itakuwa nyekundu zaidi kuliko yenye seli zilizotulia, ingawa zote ziko hai, kwa hiyo siichukulii namba hiyo kama asilimia ya seli hai.

Jambo ninaloliona likirukwa mara nyingi, nalo linaniuma, ni sampuli ya seli zilizouawa makusudi kwa maji ya moto. Bila hiyo huwezi kujua kama mng'ao hafifu unaouona unatoka kwenye uhai au kwenye kuta na fenoli (kemikali za asili) za mmea wenyewe, ambazo hung'aa zenyewe kiasi. Sampuli hiyo huandaliwa kwa dakika chache, na mimi huihesabu kwanza, kabla jicho halijazoea kijani cha seli hai.