Saa za shofa ziko wapi?

Hapa Lubumbashi, Kongo, ukimuuliza shofa wa lori analipwa kiasi gani, atakutajia bei ya safari. Atasema Dar es Salaam ni dola kadhaa, Kolwezi hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kadhaa. Saa haitajwi, na kwa maoni yangu hapo ndipo jasho lake linapopotea, hata kama bosi wake ni mtu mwema.

Tuchukue mfano wenye tarakimu nyepesi. Si bei ya soko, ni ya kujifunzia tu. Shofa anapeleka shaba Dar es Salaam kwa njia ya Kasumbalesa, kisha Nakonde na Tunduma kwenye mpaka wa Zambia na Tanzania, halafu anarudi na mzigo. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 4,000. Safari inalipwa dola 400. Kwa wastani wa kilomita 45 kwa saa, usukani unakula saa 90 hivi, kwa hiyo anapata dola 4.44 kwa saa. Hesabu hiyo wenye malori wanaipenda sana.

Sasa ongeza saa 30 za kupakia na kupakua, na saa 160 za foleni na karatasi za duane (forodha). Jumla inakuwa 280, na saa moja inashuka mpaka dola 1.43. Ukigawa kwa siku zote 25 alizokuwa mbali na nyumba, yaani saa 600, zinabaki senti 67.

Mimi nashika ile ya kati. Usingizi wa kweli ni wa shofa mwenyewe, usiingie kwenye hesabu. Lakini usiku wa foleni, pale anapoamshwa asogeze lori mita chache, huku akilinda turubai, betri na mazuti, huo uandikwe kuwa kazi, kwa sababu hawezi kuondoka wala kulala sawasawa.

Mlinganishe na mwenzake anayeendesha hapa mjini kwa mshahara wa dola 350 kwa mwezi. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 inaweka saa 45 kwa wiki, sawa na saa 195 kwa mwezi. Huyu anapata dola 1.79 kwa saa na kila jioni anarudi kwake. Wa safari ndefu ameshika noti nyingi zaidi, ila kila saa yake imeuzwa rahisi zaidi. Ili awe sawa na wa mjini, safari yake isizidi saa 223. Ukitoa 120 za usukani na mizigo, foleni ina nafasi ya saa 103 tu. Kila saa inayozidi hapo, hasara ni yake.

Na foleni si mpaka peke yake. Shaba ya kathodi, yaani mabamba ya shaba iliyosafishwa yaliyofungwa vifungu, ni nzito kuliko inavyoonekana: tani 30 zinakaa sehemu ndogo ya tela. Vifungu vikisogezwa mbele mno au nyuma mno, uzito wote unaweza kuwa halali na bado ekseli moja, yaani mhimili wa magurudumu, ikazidi. Kwenye mizani ya Zambia lori linasimamishwa. Kifungu cha tani mbili hakisukumwi kwa mikono, inabidi kutafuta forklifti. Kosa ni la waliopakia. Siku inayopotea ni ya shofa.

Kwa hiyo daftari linahitaji safu nne: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, ulichokuwa ukifanya, na nani alisababisha kusimama. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu mbele ya bosi. Karatasi ya mzigo iliyochelewa kutoka ofisini si sawa na pancha, wala pancha si sawa na mstari wa Kasumbalesa. Tunza tikiti za peaji (malipo ya barabara), karatasi za mizani na mihuri ya mpaka, maana zina tarehe, na mara nyingi zina saa pia. Bosi anaweza kubishana na daftari; na tikiti, hawezi.

Pesa ya njia, ile ya kula na matumizi ya safarini, isiitwe mshahara. Hata hivyo ikipungua, mshahara ndio unaoziba. Ikiwa ulipewa dola 250 na njia ikala 310, toa 60 kwenye zile 400: 340 kwa saa 280 ni dola 1.21. Hutokea hivyo kwa sababu pesa ya njia hupangwa kwa siku zilizotarajiwa, na tumbo linakula kwa siku zilizopita kweli. Ukilipwa kwa falanga za Kongo, zigeuze dola kwa bei ya siku uliyopokea, si ya siku mliyopatana.

Marekani nako tarakimu ya saa inadanganya. Takwimu za serikali za Mei 2024 zinampa dereva wa lori zito wa katikati (nusu ya wenzake wako juu yake, nusu chini) dola 57,440 kwa mwaka, dola 27.62 kwa saa. Lakini hapo mwaka unahesabiwa kuwa saa 2,080, yaani 40 kwa wiki. Anayepata pesa hiyo hiyo kwa saa 60 kila wiki, wiki 50, anapata dola 19.15. Wengi wanalipwa kwa maili, na sheria ya huko ya nyongeza ya saa za ziada haiwahusu madereva wengi wa kati ya majimbo. Ulaya, kanuni namba 561 ya 2006 inakataza malipo ya kufuata umbali pale yanapohatarisha usalama barabarani.

Kwetu ningeanza na jambo dogo: siku ya kungoja ilipwe peke yake. Katika mfano wetu, zile saa 160 za foleni zilikula siku 13, kama saa 12 kwa siku. Tano za kwanza ziwe ndani ya bei ya safari, nane zilizobaki zilipwe dola 15 kila moja. Zinaongezeka 120, jumla 520, na saa inapanda mpaka dola 1.86. Hapo shofa wa Dar es Salaam anampita wa mjini kwa senti saba, na mwenye lori ana sababu ya kutoa karatasi mapema.