Nilivyohamisha kaseti ya bendi ya Tartu kwenda kwenye santuri

Nilipokuwa nikisoma Tartu, nchini Estonia, rafiki yangu mpiga ngoma alinikabidhi kaseti ya albamu ya kwanza ya bendi yake ya metali nyeusi na ya kipagani, yaani muziki mzito wa magitaa ya umeme unaosifu miungu ya kale, iliyorekodiwa katika miaka ya 1990, akaniomba niitayarishe kwa toleo jipya la santuri. Kanda mama ilikwisha potea, na nakala hiyo ndiyo iliyokuwa na hali nzuri kuliko zote zilizobaki. Nilikubali kwa kuwa nyumbani Tanga nilikuwa nimehamishia kaseti za taarabu za shangazi yangu kwenye kompyuta, na nilijua uharibifu huanzia wapi.

Kabla ya kuicheza niliifungua. Ndani ya kila kaseti kuna kipande kidogo cha sufi kinachousukuma mkanda uguse kichwa cha kusomea. Gundi yake ilikuwa imekauka na kipande hicho kilikuwa kimelala pembeni. Nikanunua kaseti mpya yenye kasha la skrubu, nikatoa mkanda wake, nikauhamishia ule wa zamani humo, nikiushika kingoni tu kwa glavu za pamba.

Hatua ya pili ilikuwa kuirekebisha pembe ya kichwa cha kusomea, kwa sababu mashine iliyorekodi na ile inayosoma zikitofautiana hata kidogo, sauti nyembamba hufifia. Niliunganisha njia mbili za stereo kuwa moja, nikaigeuza skrubu iliyo kando ya kichwa polepole mno huku nikisikiliza matoazi peke yake. Yalikuwa kama mchanga unaomwagika, kisha ghafla kila pigo likasikika likiwa na mwanzo wake na mwisho wake.

Kasi ndiyo iliyonichukua siku nyingi zaidi. Wanabendi wote walihisi kwamba nyimbo zinakwenda mbio, lakini hakuna aliyekumbuka magitaa yalifungwa kwa sauti gani. Jibu lilikuwa katika kasoro yenyewe: kabla ya wimbo wa tatu gitaa linanguruma kwa mvumo wa umeme, na umeme wa Estonia ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Mchoro wa masafa ulionyesha hezi 51.3, maana yake kaseti ilikuwa ikienda haraka kupita kiasi kwa asilimia 2.6, na sauti imepanda karibu robo toni. Niliporudisha mvumo kwenye 50, dakika 41 zikawa 42, na mpiga ngoma akasema kwamba sasa anausikia mkono wake mwenyewe.

Tulibishana kuhusu mchakacho wa mkanda. Wenzangu wawili walitaka uondolewe kwa programu, mimi nikakataa, na bado naamini nilikuwa sahihi: katika muziki huu magitaa na mchakacho vimekaa mahali pamoja, na programu inayofuta kimoja hukila na kingine. Niliondoa mipasuko michache tu, wala sikuikandamiza sauti ili ionekane kubwa. Dakika 42 ziligawanyika vizuri, 21 kila upande, urefu ambao santuri ya inchi 12 huubeba bila kulazimika kuipunguza besi sana.

Likabaki suala la maneno ya kijitabu. Mashairi yao yanamwita Taara, mungu wa kale wa Waestonia ambaye padri Henry wa Livonia, katika kitabu chake cha historia cha karne ya 13, anamtaja kwa jina la Tharapita na kusema alizaliwa kwenye mlima wa Virumaa akarukia kisiwa cha Saaremaa. Yameandikwa kwa mtindo wa nyimbo za kale za Kiestonia, zile ambazo Jakob Hurt, mtafiti wa fasihi simulizi, aliwaomba wananchi wazikusanye mwaka 1888: mstari wa mizani nane, sawasawa na kipande cha utenzi wetu, ila wao hawafungi vina mwishoni bali hurudiarudia herufi za mwanzo. Karatasi ya zamani ilikuwa na doa la maji, na mstari mmoja ulikuwa na mizani sita. Nikamwonyesha mwimbaji kwamba linakosekana neno la mizani mbili, nalo yafaa lianze kwa v kama majirani zake. Alikaa kimya, akagonga meza kwa vidole mara nane huku akiimba chini chini, kisha akasema: “Vana.” Yaani, mzee. Mzee Taara.